Pullman Aliyoipenda Baba

Barabara nambari 195 hutoka Spokane, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kuelekea kusini na, kwa takribani kilomita 120, hupita katika vilima vya Palouse, ambako jicho halikutani na miti ila ngano, kilima baada ya kilima, hadi upeo wa macho. Nilivijua vilima hivyo tangu utotoni kutokana na picha ambazo marehemu baba yangu alizihifadhi katika albamu yake. Mwezi wa Oktoba mavuno yalikuwa yamekwisha. Upande mmoja wa barabara yalisimama mabua makavu, na upande wa pili ngano ya majira ya baridi ilikuwa imeanza kuchipua katika udongo mweusi. Mzee aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege, ambaye alisoma na Baba na kuandikiana naye barua kwa zaidi ya miaka arobaini, aliendesha gari polepole kwa makusudi, akinionyesha mashamba ambayo wao wawili walikwenda kupima magonjwa ya ngano walipokuwa wanafunzi.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi kwa ajili ya jambo moja. Jumamosi ya Oktoba 19, 2024, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington (Washington State) ingecheza na Hawaii katika uwanja wa Martin, mjini Pullman, nami nilitaka kuketi pale kwa niaba ya Baba, ambaye tangu arudi Kenya hakujaliwa kukanyaga tena mji huo hadi alipofariki mwaka 2022.

Baba alitoka Uasin Gishu, na kilichompeleka Pullman katika miaka ya 1970 ni ngano. Huko ndiko mtafiti Orville Vogel alikokuwa amezalisha aina fupi za ngano ambazo hazilali chini kwa uzito wa masuke, na mbegu za kazi hiyo ndizo alizopelekewa mtaalamu wa ngano Norman Borlaug kule Mexico kabla ya mapinduzi makubwa ya kilimo. Hata hivyo, kila Mmarekani aliyekutana na kijana Mkenya katika mji ule alimuuliza anakimbia mbio gani. Swali hilo halikuwa la ajabu. Kocha wa riadha wa chuo, John Chaplin, alikuwa amekusanya hapo wakimbiaji wa Kenya ambao dunia nzima iliwafahamu: Samson Kimobwa alivunja rekodi ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977, na Henry Rono akaja kuivunja ya Kimobwa mwaka uliofuata. Baba hakuwa na mbio zozote. Alikuwa shabiki tu, lakini shabiki wa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote.

Simulizi yake kuu, ambayo sisi watoto tuliijua kwa moyo, ilikuwa ya Mei 13, 1978. Yeye na wanafunzi wenzake walibanana katika gari moja, wakasafiri zaidi ya kilomita 450 kuvuka milima ya Cascade hadi Seattle, na huko wakamshuhudia Rono akikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 5.4, muda ambao hakuna binadamu aliyewahi kuufikia. Ilikuwa rekodi ya pili kati ya nne alizozivunja Rono kwa siku 81 mwaka ule, kuanzia ile ya mita 5,000 kule Berkeley mwezi wa Aprili hadi ile ya mita 3,000 kule Oslo mwishoni mwa Juni. Baba alirudi darasani Jumatatu sauti ikiwa imemkauka kabisa. Alipofika mwisho wa hadithi hiyo hunyamaza kidogo, kisha huongeza kwamba mtu huyo hakuwahi kukimbia katika Olimpiki, kwa kuwa Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Rono alipofariki Februari 2024, wa kwanza niliyetamani kumpigia simu alikuwa Baba.

Baada ya kurudi nyumbani alifanya kazi ya utafiti wa ngano huko Njoro, na mapenzi yake kwa timu za chuo yakategemea redio ya masafa mafupi na barua za yule mzee, ambazo zilikuja na vipande vya magazeti. Nakumbuka vizuri mwanzo wa Januari 1998. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika siku chache tu kabla, na kila mtu katika mtaa wetu alikuwa ametega redio akisubiri matokeo ya kura. Baba naye alitega, lakini alichokisubiri ni matokeo ya Rose Bowl, mchezo ambao chuo chake hakikuwa kimeufikia tangu 1931. Michigan walishinda kwa pointi 21 kwa 16, na saa iliisha wakati vijana wa Pullman wakiwa bado wanasonga mbele. Mama alimpelekea chai, akairudisha ikiwa imepoa.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba Baba aliipenda Pullman kwa sababu ya Wakenya waliokimbia pale. Asubuhi ya mchezo, tulipokuwa tukipanda kilima cha chuo kwa miguu, yule mzee alinieleza jambo ambalo Baba hakuwahi kutusimulia. Katika miezi yake ya kwanza alikuwa mpweke kiasi cha kutaka kuacha masomo, na alikwisha kuulizia nauli ya kurudi nyumbani. Jumamosi moja yenye baridi kali, mzee huyo, wakati huo kijana wa chumba cha jirani, alimchukua uwanjani, akamfunika blanketi, naye Baba akaketi katikati ya maelfu ya watu akitazama mchezo ambao hakuuelewa hata kidogo. Timu ya chuo ilipofungwa, watu asiowajua walimshika bega kumpa pole, kana kwamba msiba ni wa wote. Tangu siku hiyo hakuulizia nauli tena.

Uwanja wa Martin unachukua watazamaji takribani 33,000, idadi inayokaribiana na ya wakazi wote wa Pullman. Nilitafuta vitu viwili ambavyo Baba alivitaja sana. Cha kwanza ni puma hai aliyeitwa Butch, kwa kuwa timu za chuo huitwa Cougars, yaani puma, au kwa kifupi Cougs. Chuo kiliwafuga puma sita, mmoja baada ya mwingine, tangu 1927, na wa mwisho alikufa mwaka 1978. Leo nje ya uwanja yupo puma wa shaba, na watu hupiga naye picha. Cha pili ni njia ya mbio iliyouzunguka uwanja. Hiyo pia haipo, maana mwaka 1979 uwanja ulichimbwa na kushushwa ili kuongeza viti, na wakimbiaji wakahamishiwa uwanja wao wenyewe, uitwao Mooberry. Nilikaa kwenye viti hivyo, na sikuona uchungu. Niliufurahia umati uliovaa nyekundu iliyoiva na kijivu, upande mmoja ukiita "Go!" na upande wa pili ukijibu "Cougs!", hadi nami nikajikuta nimesimama nikijibu. Tulishinda kwa pointi 42 kwa 10.

Kuna jambo moja ambalo mwanzoni nilishukuru kwamba Baba hakuliona. Mwaka 2023, kwa sababu ya kufuata fedha za televisheni, vyuo kumi kati ya kumi na viwili vya ligi ya Pac-12 vilitangaza kuihama au vilikuwa tayari vimetangaza, na Washington State ikabaki na Oregon State peke yake. Mahasimu wa jadi wa Seattle walikuwa miongoni mwa waliohama. Naona ni dhuluma kwa miji midogo kama Pullman, ambayo haina soko kubwa la kumvutia mtangazaji. Lakini nilipokaa pale na kuona watu wamekuja vilevile, nilijua kwamba Baba angetaka kuwepo, hasa mwaka kama huo.

Jumapili mzee alinipeleka Mooberry, kisha akaninunulia jibini la Cougar Gold, ambalo chuo hulitengeneza na kuliuza ndani ya kopo la bati. Kopo kama hilo lilikaa juu ya meza ya Baba kule Njoro miaka yote, akiweka ndani yake sampuli za mbegu.

Novemba 30 Wyoming walikuja Pullman wakatushinda kwa 15 kwa 14. Nilikuwa nimekwisha kurudi Nairobi, na niliufuatilia mchezo huo kwenye intaneti usiku kucha. Alfajiri kaka yangu, ambaye zamani aliondoka sebuleni kila Baba alipoanza kuzungumzia timu hiyo, alinipigia simu kutoka Eldoret akiwa na hasira, akitaka nimweleze ni kwa namna gani timu inaweza kupoteza mchezo kwa pointi moja nyumbani kwake.