Siku moja na kompyuta inayojisomea

Saa 2:00 asubuhi. Programu yetu imekesha ikisoma maandishi ya intaneti, na kazi yangu ya kwanza ni kupitia mambo iliyoyaamini. Kila ukweli umeandikwa kwa ufupi: Cairo, mji mkuu wa, Misri. Pembeni ipo sentensi ulikotolewa. Mengi ni sahihi, nayapitisha upesi.

Saa 3:30. Orodha ya miji imeingiliwa. Baada ya London na Paris nakuta uhamisho, gereza na likizo! Naanza kutafuta chanzo. Tuliipa programu majina machache ya miji, yenyewe ikachunguza maneno yanayoyatangulia na kulishika neno "aliishi". Baadaye ikakutana na "aliishi uhamishoni". Kwa kuwa hupunguza viambishi kabla ya kulinganisha maneno, iliiondoa -ni na kuupokea uhamisho kama mji. Uhamisho nao ukaifundisha "akiwa", na kupitia "akiwa gerezani" na "akiwa likizoni" yakaingia gereza na likizo. Nikifuta likizo peke yake, usiku itarejea na wenzake. Huu ni mti wa kung'oa, si wa kupogoa.

Ninachokifanya ni kurudisha ile -ni. Watu huishi London, hawaishi "Londoni". Jina linalodai kiambishi hicho lisihesabiwe mji mpaka lipate ushahidi mwingine.

Saa 5:00. Napanga kinga ya pili, niliyojifunza kutoka NELL, mfumo wa kompyuta uliojisomea intaneti kama wetu, ambao kundi la mtaalamu wa kompyuta Tom Mitchell liliuwasha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Januari 2010. Wao waliifundisha kompyuta aina nyingi za vitu kwa pamoja ili zisahihishane: kilicho mji hakiwezi kuwa hali ya mtu, na mji sharti uwe na nchi. Baada ya siku 67 ilikuwa imekusanya mambo zaidi ya 242,000, usahihi ukikadiriwa kuwa asilimia 74. Mimi huiheshimu sana kazi ile, lakini robo iliyobaki ndiyo inayonishughulisha, maana kila kosa linaloaminiwa linageuka mwalimu.

Saa 8:00 mchana. Dai moja lina mashahidi wengi mno. Nafungua kurasa zenyewe: sentensi ni ileile, hadi koma zake. Zimenakiliana. Nazihesabu kuwa shahidi mmoja.

Saa 10:00. Hapa ndipo ninapokaa hadi jioni. "Angela Merkel ni chansela wa Ujerumani." Sentensi hiyo ilikuwa kweli kuanzia 2005 hadi 2021, na kurasa za miaka ile bado zinasema "ni". Kompyuta haikusoma vibaya, ila imesoma bila kalenda. Kwa hiyo kila uhusiano wa cheo naupa nafasi mbili mpya, mwanzo na mwisho, na tarehe ya ukurasa inaandikwa kando ya kila ushahidi kabla sijawasha mzunguko wa leo usiku.