Usiku wa Bamvua

Nilipomwambia msimamizi wangu kule Munich kwamba vipimo vya tasnifu yangu nataka kuvichukulia Lamu, aliniuliza kwa nini ziwa Starnberg lisinitoshe, nalo liko mwendo mfupi tu wa treni. Nikamjibu kwamba maziwa ya Bavaria hayajai wala hayapwi. Alifikiri kidogo, kisha akatia saini fomu ya kuazima vifaa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa mawasiliano. Mwaka wa kwanza ulikuwa hesabu tupu, nyingi zikitokana na kazi aliyoitoa Claude Shannon mwaka 1948 kuhusu kiasi cha habari kinachoweza kupita katika njia yenye kelele. Niliipenda hesabu ile kwa dhati. Lakini siku tulipofundishwa namna wimbi la redio linavyodunda juu ya maji, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mkondo wetu, baina ya mji wa Lamu na kisiwa cha Manda. Watu wa ng'ambo walikuwa wakipata intaneti kwa antena mbili zinazotazamana juu ya bahari, nayo ilikuwa ikikatika kwa saa zisizoeleweka: leo asubuhi, kesho baadaye kidogo, keshokutwa baadaye zaidi. Mafundi walipanda mlingoti, wakakaza nati, wakabadilisha nyaya, na bado.

Jambo lenyewe ni hili. Wimbi hufika ng'ambo kwa njia mbili: moja imenyooka, nyingine hushuka ikagonga uso wa bahari na kuruka juu. Yakikutana yakiwa sambamba hupeana nguvu. Yakikutana kinyume huuana. Katika masafa ya gigahezi 5.8 wimbi zima lina urefu wa sentimita 5 na kidogo, kwa hiyo njia moja ikiizidi nyingine kwa nusu ya hapo, mambo yamegeuka. Na bamvua la kwetu, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupandisha maji kiasi cha mita 3, na kila yakipanda, njia ile ya pili hufupika.

Nilifika mwezi Machi, kaskazi ikielekea kukatika. Antena moja nikaifunga kwenye dari la nyumba ya Mjomba, ya pili juu ya mnara wa tangi kule Manda, umbali wa kilomita 1 hivi. Kilichokosekana ni kifaa cha kupimia kina. Mjomba, nahodha tangu ujana wake, akaniambia nisihangaike: gati lina ngazi, na vidato vyake vyote vimelingana. Tulivipima kwa futi kamba, sentimita 20 kila kimoja, tukavihesabu kutoka juu.

Usiku wa mwezi mpevu maji yalianza kujaa baada ya saa nne. Mimi nilikuwa darini na kompyuta mapajani, Mjomba gatini na tochi, simu sikioni. Kila maji yakifunika kidato, anakitaja. "Cha kumi na mbili, mwanangu." Mstari kwenye kioo ulikuwa umetulia. "Cha kumi na moja." Ukaanza kuinama. Aliposema cha kumi, ulianguka desibeli 20, yaani nguvu iliyobaki ilikuwa moja ya mia ya ile ya kawaida. Mwili ulinisisimka. Kisha ukapanda tena, ukakaa vizuri muda mrefu, hadi karibu na alfajiri aliposema, "Cha tatu," ukaanguka mara ya pili.

"Yakipwa yatarudia hapo hapo," akasema, kabla sijamweleza lolote. Yakarudia. Cha tatu, halafu cha kumi. Asubuhi, maji yaliposhuka, nilimwonyesha mchoro wote. Akaupitisha kidole polepole na kuniambia kwamba wiki ijayo, maji yakiwa mafu, yaani yakijaa na kupwa kidogo tu, mashimo hayo sitayaona, kwa sababu maji hayatafika cha tatu wala kushuka hadi cha kumi. Ndivyo ilivyokuwa. Na kwa vile maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, ikawa wazi kwa nini intaneti ya Manda ilikuwa ikihama saa.

Dawa yake inajulikana katika fani yetu: antena ya pili kwenye mlingoti uleule, chini kidogo. Hesabu ilinipa mita 2. Bamvua lililofuata, maji yalipogusa kidato cha kumi, antena ya juu ilizama kama kawaida, ya chini ikabaki imara. Vivyo hivyo kwenye cha tatu. Mjomba alitaka nimpigie mwenye nyumba ya Manda usiku uleule. Nilimpigia. Hakukasirika hata kidogo.

Niliporudi Munich, msimamizi aliisoma rasimu kwa makini na kuipenda. Kitu kimoja tu alitaka kiondoke: katika jedwali la vipimo nilikuwa na safu mbili za kina cha maji, moja ya sentimita, nyingine ya vidato. Alisema ya sentimita inatosha. Nikamwambia kwamba kwa safu ya vidato, mtu yeyote wa Lamu mwenye tochi anaweza kwenda gatini akarudia kipimo changu chote bila kuazima kifaa kwa mtu, na kwamba ukurasa huo nauhitaji kama ulivyo. Tasnifu ilichapwa na safu zote mbili.