Matanga ya Susu kule Chitungwiza

Novemba ya 2014 ilinikuta Chitungwiza, mji ulio kusini mwa Harare, nikiwa na miaka 20, shati jeupe, tai, na beji nyeusi kifuani. Nilikuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama kanisa la Wamormoni, na nilikuwa nimevuka nusu ya ile miaka miwili tunayotumikia vijana wa kiume. Kwetu ni Makueni, Kenya, chini ya Milima ya Chyulu. Huko kanisa letu lina waumini tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, ila Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mtu wa AIC, kanisa la Africa Inland, tangu usichana wake na hakuna aliyemtikisa. Siku niliyoondoka alinitemea mate viganjani jinsi wazee wetu wanavyobariki, akaniambia niende nikawahubirie hao watu, lakini nihakikishe wananilisha.

Walinilisha. Sadza ya Zimbabwe ni laini kuliko ugali wetu, nayo huliwa na mboga zilizoungwa kwa siagi ya karanga, au na dagaa wakavu wa Ziwa Kariba. Nyumba isiyo na kitu ilituletea maputi, mahindi yaliyokaangwa yakapasuka, na maji ya kunywa. Nayo maji yalikuwa shida. Mabomba yalikauka siku nyingi, kwa hiyo asubuhi ungewaona akina mama wamepanga ndoo kwenye kisima cha pampu, nasi tukipita tulivua beji, tukakunja mikono ya mashati, tukasukuma pampu na kubeba ndoo hadi milangoni. Nasema bila kusita kwamba milango mingi ilifunguka kwa ndoo kuliko kwa mahubiri.

Ratiba haikubadilika. Kuamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi ya viungo, kuoga, kula. Saa mbili kila mtu anajisomea maandiko, saa tatu tunasoma wawili pamoja, halafu ni njiani hadi usiku: Zengeza, Seke, St Mary's, kwa miguu juu ya mchanga au ndani ya kombi iliyojaa. Saa nne na nusu usiku taa inazimwa, siku ambazo umeme ulikuwepo wa kuzimwa. Jumatatu tunafua, tunanunua chakula, na kwenda saiba kuandika barua pepe za nyumbani. Saa zote hizo humwachi mwenza wako, yule mmisionari mliyepangwa naye. Mnatembea pamoja, mnafundisha pamoja, mnalala chumba kimoja.

Mwenza wangu wakati huo alitoka Idaho, Marekani, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Taa ikizimwa alipenda kuuliza habari za kwetu, nami nilipenda kusimulia, na nilipoanza habari za Susu hakutaka niache. Alijua kwamba Susu alipiga kelele kwenye simu kwa sababu Nairobi ni mbali. Alijua kwamba mbuzi wake wote walikuwa na majina, na kwamba mtu akithubutu kuwahesabu kwa kidole angefukuzwa uani. Alijua pia ile tumbaku ya kunusa: kabla ya kutoa neno zito, Susu alifungua kikopo, akachota kidogo kwa ncha za vidole viwili, akavuta pua moja, akavuta ya pili, akafunga kikopo, na watu wote wakisubiri. Kanisa letu linakataza tumbaku, na mara moja tu nilijaribu kumgusia Susu habari hiyo. Alifungua kikopo, akanusa, kisha akaniuliza kama nimewapa mbuzi maji.

Jumatano moja, tukiwa kwenye somo la saa tatu, simu yetu ililia. Tulikuwa na simu moja ndogo kati yetu. Aliyepiga ni rais wa misheni mwenyewe, kiongozi wa wamisionari wote wa eneo letu, na rais hapigi saa hizo bila sababu. Aliomba kuzungumza nami. Habari ilikuwa imetoka kwa baba ikaenda Nairobi, ikatoka Nairobi ikaja Harare: Susu amelala Jumanne jioni, hakuamka. Rais alisali nami kwenye simu, polepole, akimtaja Susu kwa jina lake kamili ambalo alikuwa ameuliza na kuliandika. Kisha akaniambia nipige nyumbani wakati huohuo.

Siku hizo mmisionari aliongea na wazazi kwa simu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama. Sheria hiyo ilibadilishwa Februari 2019, na vijana wa leo wanaongea na nyumbani kila wiki. Nilifurahi iliposomwa. Najua wapo wanaosema ule ukimya ulitujenga, na sibishani nao, lakini mimi nilimsikia Susu mara ya mwisho Mei ile, kwa dakika chache, akipiga kelele kwamba mbuzi wanakuuliza, na ningependa kumsikia zaidi.

Baba aliongea mambo ya kazi, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya wakiumia. Kuzika ni Jumamosi. Kaburi litakuwa upande wa mwembe. Mvua imeanza, kwa hiyo watu wanagawanyika, nusu shambani na nusu matangani. Akanyamaza, kisha akasema nisihangaike na safari, wamisionari hawarudi nyumbani kwa mazishi na yeye analijua hilo tangu siku aliponisindikiza. Akauliza kama ninakula.

Mwenza wangu hakunihubiria. Alikaa kitini mwake, vitabu vimefungwa, mpaka nikasema afadhali tutoke. Kwetu mtu akifiwa hakai peke yake chumbani, na chumba kile kilikuwa na vitanda viwili, meza, na ramani ya Chitungwiza ukutani.

Tulikuwa na ahadi kwa Ambuya, yaani bibi kwa Kishona, mama mzee wa kata yetu, ndivyo tunavyoita usharika, aliyelea wajukuu wanne huko Seke. Tulimkuta anapanda mahindi kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, tukachukua majembe. Aliniangalia mara moja tu akauliza kuna nini. Nilipomwambia aliketi chini palepale kwenye udongo, akaunganisha viganja, akakaa hivyo. Halafu akauliza msiba uko wapi. Nikamjibu uko Kenya, mbali. Akasema hapana, huo ni msiba wa baba yako. Wako wewe uko wapi? Watu waje wapi?

Sikuwa na jibu. Akasema watakuja kwake.

Alhamisi jioni tulikuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye geti la Ambuya, alama ambayo Zimbabwe nzima inaielewa. Fanicha ya sebuleni ilikuwa imetolewa, wanawake wamekaa sakafuni wamenyoosha miguu, na nje wanaume wamezunguka moto chini ya bati, manyunyu yakidondoka. Nilidhani nitakuta watu wa kanisa peke yao. Walikuwepo, askofu, ambaye kwetu ni kiongozi wa kata, na akina mama wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa kanisa letu, wakiwa wa kwanza, lakini walikuwepo pia majirani ambao hatukuwahi kuwafundisha neno, wanawake wa Kimethodisti katika blauzi zao nyekundu, na yule fundi viatu wa kituoni aliyekuwa akitupungia mkono kila siku na kukataa vijitabu vyetu kwa heshima. Kwa kawaida tulitakiwa kuwa ndani saa tatu usiku. Rais alikuwa ameturuhusu kuchelewa.

Waliniweka kwenye benchi karibu na moto, na watu wakaanza kupita mmoja mmoja. Kila mtu alinipa mkono akasema nematambudziko, pole ya msiba, na baadhi ya wazee walishika mkono wangu kwa mikono yao yote miwili wasiuachie haraka. Kisha walisogea kwa askofu, aliyekuwa na daftari la shule magotini, wakatoa chema. Ni rambirambi, mchango wa mfiwa, na lazima jina liandikwe. Zimbabwe ilitumia dola za Marekani wakati huo, noti zilizopita mikono mingi mpaka zikawa laini na za rangi ya udongo, na sarafu za chenji hazikutosha. Maduka yalirudisha chenji kwa randi za Afrika Kusini, au kwa peremende. Nililiona daftari lile kwa karibu, kwenye mwanga wa moto: dola moja, dola moja, randi tano, dola mbili, kikombe cha karanga. Mjukuu mdogo wa Ambuya alipanga foleni pamoja na watu wazima, akafungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na peremende mbili za chenji. Askofu akamuuliza jina kama alivyowauliza wengine, akaandika, na mbele ya jina akaandika peremende mbili.

Ndani ngoma ilianza, na kayamba zao za vibuyu, hosho, zikaipokea. Waliimba nyimbo za kanisa letu kwa Kishona, na baadaye nyimbo za Kimethodisti, kwa sababu Ambuya alisema marehemu hakuwa wa kanisa letu na ni lazima aimbiwe zinazofanana na zake. Nilimshukuru sana kwa hilo. Sikuwa nimewaza kumwomba.

Ndipo mzee mmoja wa jirani akauliza: sahwira wa familia hii ni nani? Kwa Washona, kila ukoo una sahwira, rafiki asiye ndugu, na urafiki huo hurithiwa. Msiba ukiingia yeye ndiye mwenye ruhusa ya kusema lolote. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akamwigiza mpaka wafiwa wacheke. Nilieleza kwamba sina mtu kama huyo hapa. Wazee wakashauriana, na mmoja akasema bila hivyo msiba utabaki mzito. Ambuya akatoka ndani, akanyoosha mkono kumwelekea mwenza wangu. Akauliza: huyu analala wapi? Anakula na nani? Anamjua nyanya yako au hamjui?

Anamjua, nikasema.

Kijana wa Idaho akasimama. Alikuwa mrefu sana, na nywele zake nyekundu zilikuwa zimeloa manyunyu. Nilimwona akivuta pumzi. Akaazima khanga ya Ambuya, ile ambayo Wazimbabwe huiita zambia, akajifunga kiunoni juu ya suruali yake ya kanisani. Akainama mgongo. Akatembea polepole kuzunguka moto, akasimama mbele ya askofu, akatoa mfukoni kikopo ambacho hakikuwepo. Akakifungua. Akachota kwa ncha za vidole viwili. Akavuta pua moja, akatulia, akavuta ya pili, akafunga kikopo, na watu wote wakisubiri. Kisha kwa sauti kubwa ya mtu anayeongea na Nairobi, akamuuliza askofu kama amewapa mbuzi maji.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka majirani wa mtaa wa pili wakatoka. Wapo wabibi pale waliokuwa wakinusa tumbaku yao wenyewe, bute, na mmoja alitoa kikopo chake cha kweli akamkabidhi. Mwenza wangu alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akamrudishia bila kunusa, na hilo nalo likashangiliwa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nikiwa katikati ya kicheko nikaanza kulia, nikalia kwa sauti, na mzee aliyekaa kando yangu akaweka mkono mgongoni pangu na kusema vizuri, sasa vizuri.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tuliamka kama kawaida. Askofu alituma fedha siku hiyohiyo, na kaka yangu akazichukua Kibwezi. Kwa kuwa chema ni majina kabla ya kuwa fedha, askofu alipiga picha kurasa za daftari na kumtumia kaka kwa WhatsApp. Jumatatu nilipofungua barua pepe nilikuta kaka ameandika kwamba Jumamosi, baada ya kwaya ya AIC kuimba na kabla ya jeneza kushushwa, baba aliagiza majina yote yasomwe. Yote, hadi peremende mbili. Watu wa kwetu waliulizana hao ni wa ukoo gani.

Chini ya barua ya kaka kulikuwa na maneno ya baba, aliyoyasema na kaka akayachapa. Aliuliza kama mvua imefika huko na mahindi yako wapi. Akawashukuru wote. Akasema mbuzi wa marehemu wanagawanywa, na mmoja ametengwa kuwa wa yule bibi aliyefungua nyumba yake. Atakaa kwetu na kulishwa mpaka bibi aje kumchukua au aseme la kufanya.

Niliichapisha barua pale saiba, na Jumapili baada ya mkutano wa sakramenti nikamsomea Ambuya sehemu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale penye mbuzi. Kisha akataka kujua ni wa rangi gani, jina lake nani, na kama ameshawahi kuzaa. Jumatatu nikamwandikia baba kumuuliza.