Usiku niliolala chini ya barafu

Watu wakiniuliza habari za Norwei wanataka niwaambie baridi. Baridi unaizoea bwana. Mi kilichonibaki kichwani ni ule usiku mmoja nililala chini ya barafu yenye unene wa mita 200, asubuhi nikakuta imehama.

Ilikuwa Machi 2012. Nilikuwa Trondheim nasoma mambo ya umeme wa maji, darasa limejaa Wanepali na Waethiopia na sisi Watanzania wachache, afu ikatokea nafasi ya watu wanne kuongozana na watafiti mpaka Engabreen, mto wa barafu unaoshuka kutoka kwenye lile libarafu kubwa la Svartisen, kaskazini huko. Nikajiandikisha bila hata kuuliza tunaenda kufanya nini. Mtoto wa Pangani mi barafu nilizozijua ni zile za ukwaju, mama alikuwa anauza, na kazi yangu ilikuwa kuzibandua kwenye friza zikigandiana.

Tukavuka maji kwa boti, tukapanda mlima na mabegi, nahema kama punda, mpaka tukafika kwenye handaki. Sasa handaki lenyewe halikuchimbwa kwa ajili ya utafiti, lilichimbwa na watu wa umeme, maana kule wanayadaka maji kulekule yanakopita chini ya barafu, yanapitishwa ndani ya mwamba mpaka bwawa la Storglomvatn, na kituo cha Svartisen kinayatumia tangu 1993. Watafiti wakaona hii ni bahati, wakapewa sehemu yao. Ndani kuna vyumba vya kulala, kuna jiko, kuna bafu, yaani nyumba kamili ndani ya jiwe.

Mwisho wa handaki ndo unakutana na barafu yenyewe, kwa chini. Wakaanza kuipiga kwa mpira wa maji ya moto, masaa na masaa, mvuke umejaa huoni mwenzako, mpaka likatokea pango la kuingia watu kama wanne mmeinama. Usishangae kwanini walichagua Machi, kiangazi barafu inayeyuka, pale hapaingiliki, maji yangetuzoa.

Nikaingia. Juu ya kichwa changu barafu ina rangi ya buluu iliyoiva mpaka inakaribia nyeusi, safi kama kioo, imekumbatia mawe na mchanga, na ukinyamaza unasikia maji yanapita mahali usipopaona. Nikavua glavu, nikaiweka kwenye kijishubaka cha mwamba, nikagusa. Nilitegemea vidole vinate kama kwenye friza ya mama. Havikunata. Ilikuwa imelowa! Wakanielewesha kwamba barafu ya pale haijagandia kwenye mwamba, iko palepale kwenye mpaka wa kuyeyuka, joto la ardhi linaitafuna taratibu, yenyewe ikijisugua inatoa joto lake, basi kati yake na jiwe kuna utando wa maji muda wote. Mzee mmoja wa pale akagonga msumari kwenye barafu, akachora alama ya chaki kwenye mwamba sambamba na ule msumari, akasema kesho tutaangalia.

Usiku jikoni, tunakunywa kahawa, mi nikajifanya mjuaji nikasema basi kiangazi maji yakizidi ndo inateleza zaidi na zaidi. Yule mzee akatikisa kichwa. Akachukua karatasi. Mita 200 za barafu, akasema, ni tani kama 180 zimekalia kila mita mraba ya mwamba. Maji ya chini yakikosa pa kutokea presha inapanda, na ikifika sawa na safu ya maji ya mita 180 na kidogo, barafu inabebwa, haina cha kung'ang'ania. Hapo hakunipoteza, hiyo ni hedi, yaani presha inayopimwa kwa kimo cha maji, ndo chakula chetu sisi wa umeme wa maji. Lakini maji yakiendelea kuja yanajichimbia njia, yanayeyusha mifereji kwenye tumbo la barafu, mifereji inafyonza maji ya pembeni, presha inashuka, barafu inakaa chini tena na inapunguza mwendo, na hapo maji ni mengi kuliko mwanzo! Baridi ikirudi maji yanapungua, uzito wa barafu unaiziba mifereji, mwaka unaofuata maji ya kwanza yanakuta milango imefungwa. Nikawaza mitaro ya Dar, mvua ya kwanza ndo inakuletea maji sebuleni kwa sababu mtaro umejaa taka.

Akatupa na ya Greenland. Julai 2006, ziwa lililokuwa juu ya barafu lilipasua ufa likatoboa karibu kilomita nzima mpaka chini, sehemu kubwa ya maji ikamalizika kwa saa moja na nusu hivi, na lile eneo la barafu likanyanyuka zaidi ya mita moja afu likatua. Sikulala vizuri. Kila nikisikia tone nawasha tochi.

Asubuhi pango limekuwa dogo, barafu imevimba kuingia ndani. Msumari umeiacha chaki, nikapima kwa vidole, vinne vinaingia. Na glavu yangu imebanwa kwenye kile kijishubaka, nikavuta, nikavuta, Mnepali anacheka mpaka anashika ukuta, ikabidi niiache.

Niliporudi Trondheim nikampigia baba. Shikamoo baba. Marahaba, bado mzima? Nikamsimulia yote, na mkwara wa kisomi juu yake, presha, tani, mifereji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, sasa wewe mtoto unashangaa nini, ngalawa ikipwelewa wanaume kumi hawaitoi, maji yakianza kuinyanyua, hata haijaelea bado, watoto wawili wanaisukuma, ushafanya mwenyewe mara ngapi.

Nikakosa la kusema. Ili nisionekane nimeenda kusoma bure nikamtolea ya Antaktika, kwamba kuna barafu inaitwa Whillans inatulia masaa mengi afu inaruka karibu nusu mita ndani ya nusu saa, mara mbili kwa siku, na inafuata kujaa na kupwa kwa bahari ya Ross.

Kimya. Nikajua nimempata.

"Na siku za bamvua," akauliza, "inaruka vipi?"

Nafungua mdomo, salio likakata.