Shomoro wa Tano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, kijana mmoja alituuliza swali lililofanya chai ipoe. Alikuwa anaifasiri nyimbo moja ya Kiingereza kwa ajili ya kwaya, akakwama kwenye kineno kimoja kifupi, worth. Mzee wa kanisa akamwambia hiyo ni thamani. Mama mwenye nyumba akakataa, pale ni kustahili. Mwingine aliyekaa karibu na mlango naye akatia lake: mbona kitu kikiwa si worth sisi tunasema hakifai? Wote walikuwa na haki, na kijana aliondoka na mstari wake ukiwa mtupu vilevile.

Waingereza wametia kwenye kapu moja vitu ambavyo Kiswahili kimeviweka mbalimbali. Hata neno lao la ibada, worship, limezaliwa humo. Zamani lilikuwa na maana ya kumpa mtu hadhi anayostahili, na meya kwao bado huitwa kwa neno hilohilo. Ndiyo asili ya huyu Mstahiki Meya wetu. Ibada yetu sisi imetoka kwenye Kiarabu, kwenye shina moja na neno la mtumwa. Nimeipenda hiyo tofauti, lakini tuiache.

Thamani nayo ni ya Kiarabu, na huko maana yake ni bei. Kwa hiyo ni neno la sokoni, na Yesu alipotaka kusema habari hizo alikwenda sokoni kweli. Katika Mathayo 10:29 shomoro wawili wanauzwa senti moja. Katika Luka 12:6 watano wanauzwa senti mbili. Piga hesabu. Senti mbili zinanunua wanne. Huyu wa tano ametoka wapi?

Ni nyongeza. Kila anayenunua nyanya kwa fungu anamfahamu. Umeshalipa, mama ameshamimina fungu kwenye mfuko, nawe huondoki: “Niongezee basi, mama.” Anapapasa pembeni ya meza. Hagusi fungu lingine, anaokota ile ndogo iliyopasuka karibu na kikonyo, anaidondosha juu ya zenzake. Ile haikuuzwa wala haikununuliwa. Mimi huidai kila Jumamosi, na mara nyingi naikuta Jumatano imeoza chini ya kapu.

Na hao shomoro wenyewe walikuwa kitoweo cha maskini. Senti inayotajwa hapo ni sarafu ndogo ya Kirumi. Kumi na sita zilifanya dinari moja, ujira wa kutwa wa wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Ndege watano, basi, kwa sehemu moja ya nane ya kibarua cha siku, na mmoja wao ni wa bure.

“Wala hasahauliwi hata mmoja wao mbele za Mungu.” Nimeusoma mstari huu miaka mingi nikidhani unasema kila shomoro ana bei kubwa ambayo wauzaji hawakuiona. Hausemi hivyo. Bei ya wa tano inabaki pale pale, hana. Kinachosemwa ni kwamba hasahauliwi. Yesu anaendelea kutuambia sisi ni bora kuliko mashomoro wengi, ni kweli, lakini ameanza na huyu asiye na bei. Nadhani hapa ndipo tunapoteleza tunapomfariji mtu aliyedharauliwa. Tunamwambia ana kipaji ndani yake, ana hazina, siku moja watu watamtambua. Yaani tunamtafutia bei. Sasa nenda ukaseme hivyo kwa bibi aliyelala mwaka wa tatu, asiyemtambua hata binti yake anayemlisha uji.

Kustahili nako kuna mizani yake. Katika Luka 7 wazee wa Kiyahudi wanamwombea akida wa Kirumi kwa Yesu, aje amponye mtumishi wake, na wana sababu mkononi: anastahili, analipenda taifa letu, ametujengea sinagogi. Mfadhili, kwa lugha ya leo, yule ambaye kwenye harambee anawekewa kiti cha mbele. Akida mwenyewe anatuma rafiki zake njiani: sistahili uingie chini ya dari yangu. Mtu mmoja, siku moja, anastahili na hastahili. Mtumishi wake akapona, na Luka hatuambii popote kwamba Yesu aliamua nani kati yao alisema kweli.

Lakini neno linalonichoma ni lile la mwisho, hafai. Tunalitupa kirahisi sana. Mtoto akifeli, hafai. Mkwe akichelewa kuzaa, hafai. Nimewahi kulisema juu ya mdogo wangu, mezani, mbele ya wageni, naye akaendelea kula kimya kama hakusikia. Paulo analiandika waziwazi kwa Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wake Filemoni, ambaye maana ya jina lake kwa Kiyunani ndiyo hiyohiyo, “mwenye kufaa”: zamani alikuwa hakufai, sasa akufaa sana, wewe na mimi pia. Hakuficha lile la kwanza. Wala hakumsihi Filemoni aangalie vizuri, huenda kuna faida aliyoikosa kuiona. Alishika kalamu mwenyewe, akiwa kifungoni, akasema kama Onesimo amekudhulumu, au unamdai kitu, kiandike juu yangu.

“Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa.”