Mlango wa Choo Unafungukia Wapi? Niliyojifunza Nikiandika Mwongozo wa Bustani ya Umma

Mwongozo wangu wa kwanza wa bustani ya umma ulikuwa na kurasa nne, picha nyingi nzuri, na sentensi moja ambayo leo nisingethubutu kuirudia: kwamba bustani hiyo ni rafiki kwa watu wote. Niliuandika baada ya kuizunguka bustani asubuhi moja, nikiamini kuwa mtu aliyeipita njia kwa miguu yake anaweza kumweleza mwenziwe ilivyo. Mama yangu mdogo, ambaye ametumia kiti cha magurudumu kwa miaka mingi, aliusoma wote hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mlango wa choo unafungukia ndani au nje?"

Sikuwa na jibu. Akauliza tena vyuma vilivyosimikwa langoni ili kuzuia pikipiki vimeachana kiasi gani, na hilo nalo sikulijua, ingawa nilikuwa nimepita katikati ya vyuma hivyo saa chache tu kabla ya kuanza kuandika. Kwake yeye haya hayakuwa mambo madogo. Mlango unaofungukia ndani ya chumba chembamba humaanisha kwamba kiti kikishaingia, mlango haufungiki tena, na mtu hulazimika ama kujisitiri mbele za watu ama kurudi nyumbani. Vyuma vilivyokaribiana humaanisha kwamba safari yote imeishia langoni. Mwongozo wangu ulikuwa umeisifia bustani bila kumpa mama mdogo hata jambo moja la kumsaidia kuamua kama aende au asiende.

Tangu siku hiyo nimeuandika upya mwongozo huo mara kadhaa, na ninachokishikilia sasa ni kwamba kazi ya mwandishi wa mwongozo ni kueleza kilichopo kwa vipimo na kumwachia msomaji uamuzi. Neno "rahisi" ni uamuzi, na vivyo hivyo "karibu", "tambarare" na hata "panafikika". Mwinuko ambao mwenye kiti cha mota haustukii unaweza kumshinda kabisa anayesukuma magurudumu kwa mikono yake. Wakati mwingine mahitaji hupingana waziwazi: ukingo wa njia ulioshushwa hadi ukalingana na barabara humpa nafuu mwenye kiti, lakini humwondolea asiyeona alama ambayo fimbo yake nyeupe ilikuwa ikiitafuta ili ajue kuwa njia ya miguu imekwisha. Mwandishi akisema tu kwamba hapo "pako vizuri", mmoja wa watu hao wawili atakuwa amedanganywa.

Kupima kwenyewe hakuhitaji vifaa vya gharama. Mimi hutumia futi ya kukunja, pimamaji ya mafundi uashi, na ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 120. Ili kupata kiasi cha mwinuko, naulaza ubao juu ya njia kuelekea inakopanda, naweka pimamaji juu yake, nanyanyua ncha ya chini hadi kiputo kitulie katikati, kisha napima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Nafasi ikiwa sentimita 10, mwinuko ni moja kwa 12, na hicho ndicho kikomo ambacho viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya ufikivu kwa watu wenye ulemavu huweka kwa njia mpya za mteremko zinazojengwa badala ya ngazi; ikiwa sentimita 6, ni moja kwa 20, na viwango hivyohivyo huhesabu njia iliyoinuka kupita hapo kuwa mteremko kamili, si njia ya kawaida. Sivitaji viwango hivi kwa sababu bustani zote zinawajibika kuvifuata, bali kwa sababu humpa msomaji kipimo cha kulinganishia.

Kuna kipimo kingine ambacho karibu kila mwongozo hukisahau, nacho ni mwinamo wa njia kwenda pembeni. Njia inaweza kuwa haipandi wala haishuki, lakini ikawa imelalia upande mmoja ili maji ya mvua yatiririke, na hapo kiti huvutwa kuelekea bondeni kwa kila mzunguko wa gurudumu, hata mkono mmoja ukachoka kabla ya mwingine. Viwango nilivyovitaja huruhusu moja kwa 48 tu, yaani sentimita 2.5 kwenye ubao wangu. Katika bustani niliyoipima, kipande kilichokuwa na taabu kubwa kuliko vyote kilikuwa hiki, mahali ambapo mimi mwenyewe nilipaita tambarare.

Kuhusu umbali, nimeacha kuandika dakika. "Mwendo wa dakika kumi" ni mwendo wa mwandishi, na mwandishi huwa ni mtu mzima mwenye magoti mazima. Naandika mita, tena mita kutoka benchi moja hadi linalofuata, kwa kuwa mzee anayehitaji kupumzika hatafuti urefu wa njia nzima, anatafuta mahali pa kukaa pafuatapo, na kama pana kivuli. Ni vizuri pia kutotegemea simu peke yake katika vipimo vya namna hii. Simu ya kawaida, hata chini ya anga wazi, huweza kukosea mahali ilipo kwa mita kama tano, na chini ya miti mikubwa kosa huongezeka. Mita tano zinatosha kuliweka lango dogo upande usio wake wa uzio.

Baada ya vipimo huja suala la namna ya kuvifikisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia ufikivu katika Ibara ya 9, na humo habari na mawasiliano vimetajwa pamoja na mazingira ya majengo na usafiri. Nimelitafakari sana jambo hilo, kwa maana nilikuwa nimezoea kuona mwongozo kama karatasi inayoihusu bustani, kumbe nao ni mlango kama milango mingine, na unaweza kufungwa. Wangu ulikuwa umefungwa: nilikuwa nimeupanga kama picha moja kubwa yenye maandishi ndani yake, na programu za kusoma skrini, ambazo wasioona huzitegemea, hazikuweza kusoma hata herufi moja.

Sasa naanza na maandishi matupu yenye vichwa vya habari vilivyowekwa kwa utaratibu, na ramani huja baadaye kama nyongeza. Kila kilichomo katika ramani lazima kiwe kimeelezwa kwa maneno pia: ukiingia lango la mashariki, njia ya lami inaenda moja kwa moja mita 140, kisha inagawanyika, ya kushoto ni changarawe iliyolegea, ya kulia inaendelea kuwa lami hadi vyooni. Kuandika namna hii kulinifundisha bustani kuliko kuichora. Rangi nazo hazitoshi kubeba maana peke yake, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na njia zilizochorwa kwa rangi hizo mbili kwao ni njia moja. Nimezipa namba na mistari ya namna mbalimbali. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya mtandao hutaka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa moja, na ningeshauri mwongozo wa bustani upite hapo kwa mbali, kwa kuwa husomwa nje, juani, kwenye kioo cha simu kinachong'aa.

Nakala ya karatasi yenye herufi kubwa bado ina nafasi yake, na vivyo hivyo nakala ya nukta nundu langoni, mradi mtu asiyeona aambiwe mapema ipo upande gani na kimo gani. Lugha nyepesi ya sentensi fupi huwafaa wenye changamoto za kuelewa, na pia viziwi ambao lugha yao ya kwanza ni ya alama na maandishi kwao ni lugha ya pili. Ukurasa wenyewe uwe mwepesi, ufunguke hata mtandao ukiwa dhaifu.

Lakini hata vipimo sahihi huchakaa, na hapa ndipo ninapoona miongozo mingi ikipoteza imani ya wasomaji. Kuandika tarehe moja chini ya ukurasa hakutoshi, kwani mambo ya bustani hayazeeki kwa kasi moja. Mwinuko wa njia ya lami hubaki vilevile kwa miaka. Changarawe husombwa na mvua moja kubwa. Bomba la maji linaweza kukauka wiki hii, na choo kikafungwa kesho kwa matengenezo. Kwa hiyo kila habari katika mwongozo wangu ina tarehe yake ya ukaguzi, na zile za haraka nimezitenga mahali pamoja ili niweze kuzikagua kila mwezi bila kuanza upya. Msomaji akiona kwamba choo kilikaguliwa miezi minane iliyopita, atajua apige simu kwanza. Baadhi ya vipimo nimeviweka pia katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo ina sehemu ya kuonyesha kama kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Yeyote anaweza kuirekebisha, na kwa sababu hiyohiyo naandika tarehe huko pia.

Mwongozo mpya ulipokamilika nilimpelekea mama mdogo. Aliusoma polepole, akarudi mara mbili kwenye sehemu ya bwawa, ambako nilikuwa nimeandika kwamba daraja la mbao lina kipandio kimoja cha sentimita 15 bila njia mbadala. Akasema, "Bwawani sitakwenda. Nitaingilia lango la mashariki, nikae chini ya ile miti iliyo karibu na vyoo." Nilifurahi kuliko ambavyo angenisifu, kwa kuwa alikuwa ameamua mwenyewe, akiwa nyumbani, kabla ya kupoteza nauli na nguvu.

Kisha akaniuliza kiti cha benchi lililo chini ya miti hiyo kina kimo gani kutoka chini, kwa sababu hupenda kuhama kutoka kwenye kiti chake na kukaa benchini kama watu wengine. Jumamosi iliyofuata nilirudi na futi yangu. Ni sentimita 46, halina mkono wa kuegemea upande wa kushoto, na tarehe ya ukaguzi nimeiandika pembeni.