Huyu anataka nini?

Limenikaa hilo swali la Ami tokea juzi na haliondoki, nasimama dukani kwenye mashine ya kopi karatasi zinatoka mie akili iko stoo, mteja anasema dada nimesema nakala kumi, namjibu ndio ndio, na huku nasikia sauti ya Ami ileile ya taratibu, huyu anataka nini.

Nianze hivi. Ile meza ya stoo ninayochezea mchezo wangu wa vita vya visanamu mnaijua, nshaiandika sana hapa, ngome ya maboksi ya karatasi na visanamu vyangu vya kadi ngumu nlivyovigandisha juu ya vifuniko vya soda nikavipaka rangi za kucha. Ami alikuwa hajawahi kuiona. Yeye kwetu mwisho wake baraza, ndani haingii mpaka kuwe na msiba au shughuli. Sasa wiki hii harusi ya mdogo wangu imepita salama alhamdulillahi, kaka wa Maskati kaja na kaondoka, na lile bao la Ami tulilitia stoo kuwapisha wageni, ndo juzi baada ya alasiri kaja kulichukua na mie sikuwahi kufunika meza kwa kanga kama nnavyofanya siku zote.

Akasimama. Akasema, "Hii nini hii?"

Nikamwambia, "Ngome ya Pujini, Ami. Ya Mkama Ndume."

Akainama karibu kabisa, kofia nusura imdondoke, akaangalia kuta, akaangalia ngazi, akafika kwenye kisima. Kisima nimekitengeneza kwa mkebe wa maziwa nikakitia ukuta katikati, mana ndo kisa chenyewe tunachokijua sote, Mkama Ndume, yule mtawala wa Pemba wa zamani, alikuwa na wake wawili hataki wakutane kisimani, akakigawa kwa ukuta kila mmoja ateke upande wake. Ami akacheka. "Na wake zake umewatia?"

"Hapana Ami, humu mna mazimwi." (Majini siyaweki, mama kakataa na mie pia sitaki.)

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

Hapo mie nlikuwa tayari, mana swali hilo naulizwa na kila mtu, shoga yangu wa dukani, mawifi, mpaka mwalimu wa madrasa. Nikamueleza vizuri kabisa. Nikamwambia Ami, mie namuendesha mchawi wangu na watu wake, adui haendeshwi na mtu, anaendeshwa na sheria. Kila zamu ya adui ikifika nasoma orodha kutoka juu. Kama kashikana na mtu, anapigana. Kama hajashikana lakini anamuona mtu na ana upinde, anapiga. Kama hana upinde anamfata aliye karibu zaidi. Kama haoni mtu yeyote, natoa komwe, zile mbegu za bao, kwenye mfuko, namba ndo inasema anakwenda upande gani. Nikamuonesha mfuko, komwe ishirini nimeziandika 1 mpaka 20 kwa kalamu ya maka, badala ya dadu ya pande ishirini, mana mama dadu hataki kuziona ndani ya nyumba yake na mie sioni sababu ya kumuudhi. Nikamwambia kila ukitoa lazima urudishe, usiporudisha zile mbaya zinakwisha mfukoni, ukifika katikati ya mchezo unajua kabisa kilobakia ni kheri tupu, na hapo hofu yote imeondoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ami ana adabu ya kusikiliza, hilo hakuna asielijua hapa Wete. Halafu akaokota zimwi moja, lile lenye marungu mawili, akaligeuza mbele nyuma.

"Huyu anataka nini?"

"Anataka kuniua."

"Kwa nini?"

Nikanyamaza.

Akasema, "Huyu hataki kitu mwanangu. Huyu anakuja tu. Mie nikikaa na mtu pale baraza, kete hazijatembea sana nshajua huyu anaitaka nyumba yangu, lile shimo la kete nyingi, au anailinda yake." Akalirudisha zimwi pahala palepale alipolitoa, hata upande lilokuwa linaangalia hakuubadilisha, akalitia bao kwapani. Mlangoni akageuka, akasema, "Lakini pazuri." Akaenda zake.

Basi. Ni hayo tu. Hakunikejeli, hakunambia nimekua mtu mzima niache mambo ya kitoto, maneno ambayo wengine wamenambia na wala sikuyalalia. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Mana huyu sie mtu wa kupita njiani. Huyu ndo alienifundisha bao nikiwa mtoto wa kike, wakati wenzangu wanafukuzwa barazani waende wakaoshe vyombo, yeye ananikalisha ananipa kete 64 anasema hesabu, gawa, tia. Kuhesabu nlikujua pale kabla sijakujulia skuli. Sasa mtu kama huyo akitazama kitu ukipendacho akasema maneno matatu manne, huwezi kusema hajui.

Nikaanza kujibishana nae kichwani. Ningemwambia Ami, haya mambo hayakuanza na mie, kuna Mwingereza anaitwa Donald Featherstone mwaka 1973 katoa kitabu kizima cha kucheza vita vya visanamu peke yako. Ningemwambia mchezo wa Frostgrave, ambao ndo nlioanza nao, ulitoka mwaka 2015 ukiwa ni wa watu kushindana, mchawi kwa mchawi wanagombania hazina kwenye magofu ya mji uloganda barafu, na mwandishi wake huyohuyo, Joseph McCullough, mwaka 2018 akatoa mwengine, Rangers of Shadow Deep, umetengenezwa khasa wa kucheza peke yako au na wenzako mkiwa upande mmoja. Ningemwambia hivi, ningemwambia vile. Nikimaliza yote hayo namuona kalishika zimwi langu ananitazama. Huyu anataka nini. Na jibu sina, mana hata ukimletea vitabu vyote vile, zimwi lenyewe pale mezani linamfata aliye karibu. Ukiweka askari wako mmoja mwenye ngao mbele, linamfata yeye, na mwengine linamfata yeye, na la tatu, na wewe nyuma unabeba hazina unatoka nazo. Anaecheza peke yake akishaujua mwendo huo, mchezo umekufa. Nlikuwa naliona hilo siku nyingi, nikawa naongeza idadi ya mazimwi tu. Mazimwi sita, mazimwi tisa. Wanakuja tu.

Umeme ukakatika jana baada ya isha. Watoto wakalala mapema, mie nikawasha taa ya simu nikaingia stoo na daftari la zamani la mahesabu ya duka. Nikasema haya, tuanze. Huyu anataka nini? Nikaandika, huyu anataka hazina, mtu hamshughulishi, akimuona mtu anampita, akiifikia anaibeba anakwenda ukingoni mwa meza, na akibeba mwendo wake unakuwa nusu kama sisi tunavyokuwa nusu. Huyu anataka kisima. Maji ni yake, haondoki zaidi ya inchi sita kutoka pale, ukimpigia kelele haji, ukimkaribia ndo utamjua. Huyu anamtaka aliejeruhiwa, hamfati wa karibu, anamfata aliepungukiwa damu kuliko wenzake hata kama yuko upande wa pili wa ngome. Huyu kaka yake kauliwa na mchawi wangu kwenye mchezo uliopita (kweli, nliandika hapa, lile la ngazini), anamtaka mchawi peke yake. Huyu anataka kwenda kwao tu, mlango umefungwa, na ukimfungulia hatokugusa.

Nikakata vikaratasi, nikavikunja, nikavichanganya, kila zimwi nikaliwekea kimoja chini ya kifuniko bila ya kukisoma. Sheria ikawa hii: hukifungui mpaka zimwi liwe limemuona mtu wako kwa mara ya kwanza. Na bado nikaweka njia ya kunishangaza, mana mtu hata akiwa na lake hafanyi lilelile kila saa. Kila zamu natoa komwe kutoka mifuko miwili midogo, kila mmoja una 1 mpaka 6, najumlisha. Ikija 2 zimwi linaogopa linarudi nyuma, ikija 12 linasahau lake lote linakurukia, za katikati linafanya linalolitaka. Hapa ndo uzuri wa kujumlisha mbili, 7 ina njia 6 za kutokea kati ya 36, ile 2 na ile 12 kila moja ina njia moja, kwa hiyo mara nyingi adui yuko katika dhamira yake na mara mojamoja anaharibikiwa, na wewe hujui saa ngapi. Ukitumia ule mfuko wa ishirini peke yake kila namba ina asilimia 5 sawasawa, utakuta zimwi linabadilika moyo mara nyingi zaidi, hilo halina maana.

Nikacheza. Mchawi wangu Bi Mwanakheri kasimama upande wa kushoto wa kisima, ukuta wa katikati unamkinga, hana askari karibu, na zimwi la marungu mawili likatokea ngazini. Likamuona. Nikakifungua kikaratasi chake mkono unanitetema kidogo, na mie niko peke yangu na ndo nlieandika vyote: hazina. Nikatoa komwe, 3 na 5, kwa hiyo linafanya lake. Likampita Bi Mwanakheri. Inchi moja, kivuli chake kwa ile taa ya simu kikampita usoni, halikumgusa, likaenda moja kwa moja kwenye sanduku mie nlilokuwa nishalihesabu kuwa langu. Nlisema "wee!" kwa sauti, mpaka mama akauliza kutoka chumbani kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu mama. Lakini wallahi kulikuwa na mtu upande wa pili wa meza ile. Ikabidi nichague, nilifate sanduku nimuache kijana wa upinde alielala chini na zimwi jengine nyuma lishaanza kumkaribia, au nimuokoe. Nlikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nikamuokoa kijana, zimwi likatoka na sanduku, tena taratibu, nusu mwendo, nnaliona linaondoka na siwezi kulifikia. Raha nliyoipata siwezi kuieleza.

Leo asubuhi nikapita barazani kwa Ami, kuna watu, nikamsalimia tu, akaitikia bila kuinua kichwa yuko kwenye mtaji wa bao na mtu hana mchezo. Sikusema. Ijumaa baada ya sala nadhani atakuwa peke yake, ntamletea kile kikaratasi, nimwambie Ami, yule wa marungu mawili anataka sanduku. Nataka kuona atauliza nini tena.

Jengine linaloniumiza kichwa ni huyu mwanangu mkubwa. Jioni hii kaniomba nimfundishe, nikampa mfuko atoe komwe, akatoa, akaileta mpaka karibu na pua ndo akaisoma. Nikadhani mwanga. Nikampeleka dirishani, vilevile. Mwalimu wake alikwishanambia muhula uliopita kuwa anahama hama dawati kwenda mbele nikachukulia ni utundu. Sasa lazima nimpeleke Chake Chake akapimwe macho, na nikiondoka duka halina wa kulifungua, na kama ni miwani sijui bei zake siku hizi zimefika wapi, na baada ya harusi hii hakuna nyumba kwetu yenye kitu. Kaka nae simu yake tokea afike Maskati haipatikani.